Mwaka Niliopima Gundi

Mwezi uliopita nilikwenda mtaa wa Fedha kwenye ibada ya kumuaga Mzee Shiundu. Ilifanyika nyumbani kwa binti yake, chini ya hema mbili zilizofunga barabara, na mimi nikapewa kiti cha plastiki karibu na wanakwaya. Watu walisema mengi na yote yalikuwa kweli. Mchungaji alisema marehemu aliimba sauti ya nne kanisani hata meno yalipokuwa yamebaki machache. Jirani mmoja alisimulia jinsi mzee alivyotengeneza lango la mtaa bila kuombwa na mtu yeyote. Zamu yangu ilipofika, mwongoza ibada aliniomba nisizidishe dakika mbili, nami nikasimama, nikasema Mzee Shiundu ndiye aliyenifundisha kazi, nikashukuru familia, nikaketi. Baadaye binti yake alinifuata na sahani ya pilau. "Auntie," akaniambia, "baba alikufundisha kazi gani hasa? Sisi tulijua tu alikuwa fundi wa friji." Nikaanza kumweleza habari za gundi, lakini akaitwa kupokea wageni waliokuwa wakishuka kwenye basi, na mimi nikabaki na pilau yangu. Ninaandika haya ili nimjibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nina cheti cha kupiga taipu, na nilikuwa karani katika karakana moja ya Industrial Area, Nairobi, iliyotengeneza vyumba vya baridi. Niliishi Makongeni, katika nyumba ya Mama Nekesa, ambaye mume wake alikuwa fundi wa mabehewa wa reli. Walikuwa na vyumba viwili, wakanipangisha cha nyuma. Kilitosha kitanda, sanduku la nguo na stuli moja niliyotumia kama meza. Jiko tulilitumia pamoja nyumba nne, na kuta zake zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka kabla yangu. Asiyekuwa na habari za mtaa alihitaji tu kukaa pale akichambua maharagwe. Mama Nekesa alipika mboga ya mrenda na ugali mgumu wa kukatwa kwa vidole, na mimi Jumamosi nilipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, naye akanicheka kwamba sisi watu wa mashariki tunaweza kungojea chungu kimoja siku nzima. Lakini alikula. Asubuhi nilivuka reli kwa miguu pamoja na mamia ya watu wengine, viatu vya kazini vikiwa mkononi kama mvua ilikuwa imenyesha, na kabla ya saa mbili nilikuwa nimeketi nyuma ya mashine yangu ya taipu.

Karakana ilikuwa godauni refu lenye paa la mabati. Ofisi ilikuwa pembeni, imetengwa kwa ukuta mwembamba wa mbao, kwa hiyo hakuna neno lililosemwa upande wa pili nisilolisikia. Mwenye kampuni, Bwana Harish, alikuwa mtu mpole aliyetembea haraka na kuongea haraka zaidi. Mzee Shiundu alikuwa msimamizi wa mafundi. Hakuwa mzee wakati ule, nadhani hakuwa amefika miaka hamsini, lakini sote tulimwita Mzee. Ukuta wa chumba cha baridi, kwa asiyejua, ni kama mkate uliotiwa kitu katikati: bati huku, bati kule, na ndani bodi nene za foamu nyeupe ngumu, ya namna ile ambayo siku hizi mnaikuta kwenye katoni ya televisheni mpya. Bodi moja haitoshi unene. Lazima uunganishe mbili au tatu, na palipounganishwa pakiachia hata nafasi ya unywele, joto linapita, unyevu unaingia, barafu inaota ndani ya ukuta, na baada ya muda ukuta unaachana wenyewe. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea gundi. Yetu ilitoka ng'ambo, na mwaka ule vibali vya kuingiza bidhaa vilikwama. Mapipa yakaisha moja baada ya jingine, mpaka fundi Wambua akawa anakwangua la mwisho kwa mwiko.

Wambua ndiye aliyekuwa kiongozi wa kupaka gundi, kijana mrefu wa Machakos mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Siku pipa lilipoisha alileta kopo la gundi ya washona viatu, ile ya rangi ya asali. Aliipaka juu ya bodi kwa brashi, vizuri kabisa, na kabla hajafika mwisho pale alipoanzia pakaanza kuzama. Foamu ilinywea kama sukari iliyomwagiwa chai, likabaki shimo lenye kingo zinazong'aa. Watu walicheka sana. Mimi niliyekuwa nimetoka ofisini kuona kelele ni za nini nilicheka pia. Mzee Shiundu hakucheka. Alipiga magoti, akaliangalia shimo kwa muda, akaligusa kwa kidole, akanusa kidole. Kisha akainua kichwa, akanitazama mimi. "Mwende, wewe una mwandiko. Kesho kuja na daftari."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kwa sababu nilikuwa na mwandiko. Baadaye nilisoma, nikapata vyeti, nikasimamia maabara yenye mashine za kuvuta vyuma mpaka vikatike, na vijana walioajiriwa chini yangu wakaniita madamu. Lakini siku ile nilikuwa karani aliyeambiwa alete daftari, na ninapofikiri ni wanaume wangapi wangeweza kumtazama msichana wa taipu na kuona tu msichana wa taipu, namshukuru Mungu kwamba niliangukia mikononi mwa huyu.

Bwana Harish alinifanya niandike barua kwa viwanda vyote vya jirani vilivyotengeneza gundi ya aina yoyote, tukiomba sampuli. Zikaja kwenye makopo na chupa za soda. Tulipewa kona nyuma ya godauni, meza moja, na rundo la vipande vya foamu vilivyobaki, ambavyo Mzee Shiundu alivikata vyote vilingane na daftari la shule. Tulipaka, tukaunganisha vipande viwiliviwili, tukaandika juu yake kwa penseli jina la gundi na saa. Kisha tulivitundika kwenye chuma, tukaning'iniza ndoo upande wa chini, tukamimina mchanga kidogo kidogo kwa kikombe mpaka viachane. Mimi nilihesabu vikombe. Siku za mwanzo vipande vilipoachana nilishangilia na kuandika idadi. Siku moja Mzee Shiundu akauliza, "Imepasuka wapi?" Sikumwelewa. Akaokota vipande akanionyesha. "Angalia. Hapa gundi imebanduka safi kama karatasi kwenye sabuni. Hata kama imebeba ndoo tatu, hiyo ni mbaya. Siku moja itabanduka tu. Lakini hii nyingine," akaokota vipande vya jana, "gundi imekaa, foamu yenyewe ndiyo imeng'oka. Hapo huwezi kudai zaidi. Gundi imemaliza kazi yake." Kutoka siku hiyo nikaongeza safu nyingine kwenye daftari: imepasuka wapi.

Tulikaa hivyo kuanzia Januari hadi Machi. Saa nne tulikunywa chai ya maziwa na mandazi makavu, tukiwa tumesimama, tukitazama ndoo. Gundi nyeupe ya maseremala ilitudanganya sana. Ilionekana kushika, lakini nilipopasua vipande baada ya wiki tatu, katikati ilikuwa bado majimaji kama maziwa, kwa kuwa foamu haipitishi maji na unyevu haukuwa na pa kutokea. Lami ya moto ilishika, lakini ilipozidi joto kidogo tu iliichoma foamu, na harufu yake haikutoka hata baada ya mwezi. Kulikuwa na ile ya kuchanganya makopo mawili, nzuri ajabu, ila iligeuka jiwe ndani ya debe Wambua akiwa bado anatafuta brashi. Iliyobaki ilikuwa gundi moja ya mpira, nyeupe, yenye harufu ya kuchoma pua. Hiyo ulipaka pande zote mbili, ukaiacha wazi mpaka ipoteze weupe na kuwa angavu kama plastiki ya kufunikia vitabu, kisha ukaweka bodi juu ya bodi mara moja tu, bila kusogeza, ukagandamiza. Ilibeba ndoo mpaka foamu ikang'oka. Tuliijaribu tena na tena, foamu ikang'oka kila mara.

Wakati huo ndipo Sista Konsolata alipokuja. Alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali moja ya misheni, mbali na mji, na alitaka chumba cha baridi cha kuwekea chanjo za watoto wa wilaya nzima. Bwana Harish alimkaribisha chai ofisini, na mimi nikiwa napiga taipu nilisikia yote. Alieleza kwamba walikuwa na friji mbili za mafuta ya taa, na mwaka uliotangulia moja ilizimika Jumapili wakiwa kanisani, chanjo zote zikaharibika. "Akina mama walikuwa wametembea tangu alfajiri," akasema. "Nilisimama mlangoni nikawaambia warudi nyumbani. Wengine hawakuja tena. Kulipoingia surua, watoto wao waliletwa wodini, nikawajua kwa majina." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaomba sukari.

Tulipopata kazi hiyo, Bwana Harish aliniagiza niandike maelezo ya gundi mpya kwa mafundi. Niliyapiga taipu kwa herufi kubwa: Paka pande mbili. Subiri dakika ishirini. Weka. Gandamiza. Mzee Shiundu aliyasoma akakubali, nikayabandika ukutani juu ya meza ya Wambua. Sijui kama nimewahi kujivunia kitabu au cheti kama nilivyojivunia karatasi ile. Kila nilipotoka kwenda chooni nilipita njia ndefu ili niione.

Kazi yenyewe ilifanywa mwezi wa Julai. Mkaazi wa Nairobi anajua Julai ilivyo, jua haliji kabisa, manyunyu asubuhi, na baridi inayoingia kwenye mabati ya godauni na kukaa humo. Mafundi walivaa sweta chini ya ovaroli. Wambua alipaka, akatazama saa ya ukutani, akangoja dakika ishirini kama ilivyoandikwa, akaunganisha. Kuta zikapakiwa kwenye lori, zikasimamishwa hospitalini, mashine ikawashwa. Baada ya siku tisa simu ikalia, nikaipokea mimi. Sista Konsolata aliuliza kwa upole kama ni kawaida ukuta wa chumba cha baridi kufura tumbo.

Lori lilirudi na kipande kimoja cha ukuta. Mzee Shiundu alikifungua kwa patasi, watu wote wakiwa wamezunguka, na bodi zikateleza zikaachana bila nguvu. Katikati gundi ilikuwa bado majimaji, nyeupe kama maziwa. Bwana Harish alikuwa amesimama na kalamu mfukoni, uso umemwiva. Aliuliza nani alipaka. Wambua akasema, "Ni mimi." Bwana Harish akamwambia kwamba aliharakisha kazi ili aende nyumbani mapema, na kwamba mwisho wa mwezi atafute kwingine. Wambua akasema tu, "Mimi nilifuata karatasi," na hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilimsikiliza. Nilikuwa nimesharudi nyuma ya ukuta wa mbao, na nilijua wakati uleule kilichotokea, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha jiko likiwaka. Nilipima dakika ishirini mwezi wa Februari, mchana, joto limejaa chini ya mabati. Sikuwahi kupima asubuhi yenye manyunyu. Nilijua, na nikaendelea kupiga taipu. Nataka binti yake Mzee Shiundu alijue hilo pia, kwa kuwa bila hilo hataelewa ninachomshukuria baba yake.

Jioni ile nilikuta Mama Nekesa jikoni ana mgeni. Alikuwa Syombua, mke wa Wambua, waliyejuana kanisani, amekaa juu ya debe lililopinduliwa akiwa amempakata mtoto. Hakunijua kwa sura. Nilipita pembeni kuweka maji ya chai, wao wakaendelea.

"Anasema hakuharakisha," Syombua alikuwa akisema. "Anasema kuna karatasi kwa ukuta, na karatasi ilisema dakika ishirini, na yeye alikaa ishirini akiangalia saa. Nikamuuliza, sasa mbona hukuwaambia? Anasema aliwaambia. Mama Nekesa, huyo mtu hajui kujitetea. Akisema kitu mara moja amemaliza."

"Na karatasi iliandikwa na nani?" Mama Nekesa akauliza.

"Karani fulani. Wambua anasema ni msichana mzuri, ana bidii. Hataki hata kumtaja."

Maji yalichemka yakamwagika kwenye makaa. Mama Nekesa aligeuka akanitazama, akatazama jiko, na nadhani alielewa, maana hakunitambulisha kwa mgeni wake. Nilikwenda chumbani bila chai. Baadaye aliniletea ugali na kunde, akaweka sahani juu ya stuli, akasema, "Kula kwanza. Hayo mengine utayafanya asubuhi ukiwa umeshiba." Ndiyo yote aliyosema. Nilikula nikilia, na kunde zile naweza kuzionja hata leo.

Asubuhi nilimkuta Mzee Shiundu akivaa ovaroli. Nilimwambia. Hakushtuka. Aliniuliza nilipima lini, saa ngapi, jua lilikuwaje, nami nikajibu moja moja. Akakaa kwenye benchi akiwa amevaa mguu mmoja tu wa ovaroli. "Mimi pia nilikuwa hapo," akasema. "Niliona saa yako, nikakubali. Nimefanya hii kazi miaka mingi na sikukumbuka kwamba Julai iko. Kwa hivyo si wewe peke yako." Nilidhani angeongeza kwamba yeye mwenyewe atazungumza na Bwana Harish. Nilikuwa natumaini hivyo kwa moyo wangu wote. Lakini alivaa mguu wa pili, akafunga vifungo, akasema, "Kwa Bwana Harish utaenda wewe. Mimi nitasimama mlangoni."

Akasimama mlangoni kweli, mikono nyuma, kofia kiganjani. Nilimwambia Bwana Harish kwamba Wambua hakuharakisha kitu, kwamba alifuata maelezo, na maelezo yalikuwa na kosa, na maelezo ni yangu. Nilimwonyesha daftari, ukurasa wa Februari. Alisoma kwa muda mrefu. Nilingoja aniambie nikusanye vitu vyangu. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini. "Kwa nini uliniacha niseme maneno yale kwa Wambua mbele ya watu?" Alilifunga daftari. "Nilimwambia mbele ya watu," akaendelea, "basi na wewe utasema mbele ya watu. Na mimi nitasema yangu." Saa nne, wakati wa chai, alitoka nami. Nilisema. Nilianzia Februari, nikafika mpaka mwisho. Bwana Harish akamwomba Wambua radhi, kwa maneno mawili matatu, kisha akarudi ofisini haraka kama kawaida yake. Wambua alikuwa bado na kikombe mkononi. Alikunywa, akakiweka chini, akaniuliza, "Sasa tunangoja dakika ngapi?"

"Sijui," nikasema. "Nipe siku tatu."

"Chukua nne," akasema, na watu wakacheka.

Tulianza upya. Safari hii tulipaka alfajiri na adhuhuri, mlangoni na ndani kabisa, karibu na sufuria ya maji yanayochemka ili hewa iwe nzito, na kando ya barafu tuliyoletewa na muuza samaki. Mahali pamoja gundi ilikauka kwa muda wa kunywa chai, mahali pengine ilipita saa moja na nusu na bado nyeupe. Nikaona kwamba hakuna dakika ninazoweza kuandika. Nilisema tumtake fundi aguse kwa mgongo wa kidole, Mzee Shiundu akasema vidole vya mafundi vina sugu, havihisi. Wambua, aliyekuwa akisikiliza huku akifagia, ndiye aliyepata dawa. Aliokota kipande cha kioo kilichovunjika dirishani, akakipaka gundi kwa brashi ileile, akakiweka kando ya bodi juu ya gazeti kuukuu. "Wakati naweza kusoma hii," akasema akionyesha herufi chini ya kioo, "hata kule imekauka." Tulijaribu siku nne zote, na kila tulipongoja kioo kisomeke, foamu iling'oka na gundi ikabaki. Nilibandua karatasi yangu ukutani, nikapiga nyingine. Mstari wa pili ulisema: Subiri mpaka kioo cha Wambua kisomeke. Bwana Harish aliusoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule, akaweka sahihi.

Mwezi wa Agosti Mzee Shiundu alimwambia Bwana Harish kwamba kuta mpya zitasimamishwa na sisi watatu, na kwamba karani lazima aende. Nilikaa mbele ya lori kati ya yeye na dereva, Wambua nyuma na bodi. Wanawake wa hospitali walinipa kitanda katika bweni la wauguzi, na kwa siku kumi tulikula maharagwe na chapati nene zilizopikwa na mpishi aliyemwita Mzee Shiundu mkwe kwa sababu tu walitoka upande mmoja. Ukuta uliposimama, Mzee alipita akigonga kwa kifundo cha kidole, futi kwa futi, sikio likiwa karibu na bati, akisikiliza kama kuna mahali panapolia utupu. Siku ya mwisho Sista Konsolata aliagiza mashine izimwe asubuhi, mlango ufungwe, tusubiri. Ncha ya kipimajoto ilikuwa ndani, waya wake umetokea nje hadi kwenye uso wa kusomea. Nilikisoma kila saa nikaandika. Alasiri joto lilikuwa halijapanda hata nyuzi mbili. Aliangalia daftari langu, akaangalia ukuta, akamgeukia Mzee Shiundu. "Mzee, mlifanyaje safari hii?"

Mzee Shiundu alivua kofia. "Huyu ndiye anajua," akasema akinielekeza kwa kidevu. "Muulize yeye."

Nikamweleza. Nilianza na kosa langu, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kuanza, nikaeleza kuhusu kioo, na Wambua akiwa anafunga vifaa nyuma yangu nilimsikia akiweka nyundo chini ili asikie jina lake. Sista aliniuliza maswali ya mtu anayetaka kujua kweli. Nilimjibu kadiri nilivyoweza, na pale nisipojua nikasema sijui. Yalikuwa mazungumzo ya nusu saa hivi. Bado sijui kama Mzee Shiundu alipanga, au ilimtoka tu. Mwaka uliofuata ndiye aliyeniletea fomu ya masomo ya jioni, imekunjwa mfukoni mwa ovaroli, na akamtaka Bwana Harish aandike barua ya kunipendekeza. Niliipiga taipu mwenyewe.

Tulilala siku moja zaidi kwa sababu chanjo zilikuwa zinafika, na Sista alitaka tuwepo zitakapoingizwa. Ziliingizwa usiku, na asubuhi tulikuta akina mama wameshapanga foleni kutoka mlango wa kliniki mpaka kwenye geti, watoto migongoni, wengine wameketi kwenye nyasi wakinyonyesha. Lori lilikuwa tayari limewashwa. Muuguzi alitoka kwenye chumba chetu na sanduku dogo, akafunga mlango nyuma yake kwa goti, akapita mbele yangu. Muda mfupi baadaye mtoto wa kwanza akalia, kilio kile cha ghadhabu kinachokatika ghafla mama anapompa ziwa. Mama yake alitoka akitabasamu, akamsogezea mwenzake nafasi. Kisha wa pili. Kisha wa tatu.

"Mwende, twende," Wambua akaniita kutoka nyuma ya lori. "Tutakuta giza njiani."

"Mwache kwanza aangalie," akasema Mzee Shiundu, na dereva akazima injini.